Jina Langu Mlangoni mwa Bedford

Jumanne, 4 Mei 1976

Kabungu na lori, na kurudi. Mahindi. Mvua zimekwisha lakini barabara bado haijapata habari. Nimezama pale pale ninapozama kila mwaka. Wanakijiji wakasukuma huku wakinicheka, wakaniambia nijenge nyumba hapo niache kusumbua watu. Nikawajibu nitajenga wakinipa na mke wa kunipikia. Tukaachana vizuri.

Jioni nimesafisha chujio na kukaza nati za tairi la nyuma kushoto. Bedford yangu ina umri wa mke wa pili lakini inafanya kazi ya mke wa kwanza. Nisimwambie mke wangu Felista nimeandika hivi.

Bima inaisha mwisho wa mwezi. Leo sitaki kufikiri habari hiyo.

Alhamisi, 6 Mei

Nimefikiri. Nimekwenda kwa wakala wa bima.

Imepanda tena. Mwaka jana ilipanda nikauza mbuzi. Mwaka huu sijui nitauza nini, labda ndevu. Wakala akanieleza kwa upole kwamba magari yanaanguka mno, vipuri ni ghali, mafuta ni ghali, basi na bima lazima iwe ghali. Nikamwambia gari langu halijaanguka hata siku moja. Akasema bima haimwangalii mtu mmoja, inawaangalia wote. Yaani nawalipia wazembe wa Dar es Salaam, mji ambao sijawahi kuukanyaga.

Nimetoka nimekasirika. Bila bima gari halitoki, na bila gari mimi ni mzee wa Kawajense mwenye kofia na kikohozi.

Nimekaa kwenye ngazi ya gari kutwa, nikisoma mlango. D. KASONSO, MPANDA. Herufi nyeupe. Sheria inataka jina la mwenye gari liandikwe mlangoni, lakini mimi ningeliandika hata bila sheria. Baba yangu alikuwa mrina asali. Kwetu sisi Wakonongo mzinga hauna kadi wala risiti. Unachonga alama yako juu yake, unaupandisha mtini, unakwenda zako. Hata ukae miaka, hata ufe, hakuna mkono wa mtu utakaougusa. Utawasubiri wanao. Alama ya baba ilikuwa mikato mitatu na mmoja wa kukatisha. Niliponunua gari, kabla sijalipakia mzigo wowote, niliichonga kwa kisu kwenye mbao za nyuma.

Jumapili, 9 Mei

Baada ya misa Gervas amenishika mkono nje ya kanisa. Ana habari njema.

Gervas ni zaidi ya rafiki. Baba yake na baba yangu walikuwa wakienda porini pamoja, kambi moja, sufuria moja, msimu baada ya msimu. Alama ya kwao ni duara lenye mkato katikati. Watu waliolala kambi moja ya asali hawaibiani, hiyo ndiyo sheria, na sijasikia aliyeivunja. Mimi na yeye tulikua tukibeba vijinga vya moshi wa kufukuzia nyuki nyuma ya wazee hao. Tulijifunza kuendesha mwaka mmoja. Mimi nina Bedford, yeye ana Fiat nyekundu, na bodi zote mbili zilijengwa na seremala mmoja. Siku ile ile niliyochonga alama yangu naye alichonga yake, tukanywa.

Anasema serikali imesikia kilio cha wenye magari. Afisa kutoka mkoani anakuja Jumatano kueleza mpango wa kupunguza bima. Nimefurahi kuliko nilivyofurahia mahubiri. Mungu anisamehe.

Jumatano, 12 Mei

Mkutano. Ukumbi umejaa wenye malori wote wa Mpanda, na wengine ambao malori yao yako juu ya mawe.

Afisa ni mtu wa shati jeupe na maneno mazuri. Hakutudharau. Akasema serikali inajua kwamba bima ikipanda, nauli inapanda, na nauli ikipanda, anayeumia ni mkulima mwenye gunia lake. Kwa hiyo kuna mambo mawili. La kwanza, magari yote yatakaguliwa, mabovu yasitembee, ajali zipungue. La pili, wenye magari waungane. Gari moja moja linatozwa bei kamili. Magari ya umoja yakikatiwa bima kwa pamoja, yanapunguziwa. Sharti lake ni kwamba kadi za umiliki wa magari zisome jina la Umoja.

Akauliza kama tumeelewa, watu wakatazamana.

Gervas akasimama. Akasema, "Wenzangu, mnaogopa nini? La kwanza liwe langu." Akapiga kifua. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga zaidi ya wote.

Afisa akauliza tena, polepole, kama mtu anayemsomesha mtoto, "Mmeelewa kwamba gari litakuwa la Umoja?" Tukajibu sote kwamba tumeelewa. Nilielewa kweli. Nilielewa kwamba karatasi itasema Umoja na mlango utasema Kasonso. Na kati ya karatasi na alama, nani asiyejua ipi ni ya kweli?

Gervas amechaguliwa mwenyekiti. Hakuna aliyempinga.

Alhamisi, 13 Mei

Felista hapendi. Nilimweleza jana wakati wa kula, naye akaendelea kula. Leo amezungumza. Alikuwa akitwanga, hakuacha kutwanga.

"Baba Agnesi, hiyo kadi ikishaondoka, itarudi kwa miguu gani?"

Nikamwambia ni Gervas. Akasema anajua ni Gervas, ndiyo maana anauliza. Nikakasirika. Yeye ni Mfipa, watu wao ni wa ulezi na ng'ombe, hawajui mambo ya kambi ya asali. Nilimwambia hivyo hivyo. Akaendelea kutwanga kwa nguvu zaidi.

Jumamosi, 15 Mei

Magamba, kumwona Agnesi na mume wake. Nimepeleka chumvi, nimerudi na viazi. Gari limeunguruma vizuri njia nzima. Mkwe wangu naye ananiuliza habari za kadi. Nahisi mama na binti wametumiana salamu.

Jumatatu, 17 Mei

Nimetoa kadi.

Gervas alikuja kunichukua mwenyewe. Felista alipika samaki, migebuka ya Karema, akampa kipande cha mkia. Gervas akala, akasifu, akasema, "Shemeji, mwaka mmoja tu. Bei ikishatulia kila mtu anarudishiwa kadi yake." Felista akamtazama usoni, akasema, "Sema tena." Akasema tena. Akataja na jina la marehemu baba yake. Hapo hata Felista akainama, akatoa vyombo.

Tukaenda bomani, nikatia sahihi. Hakuna aliyenilazimisha. Naandika hili ili nikumbuke kwamba niliitia mwenyewe.

Jumatano, 2 Juni

Kibandiko kipya cha bima kiko kwenye kioo. Na ni kweli, bei imepungua, na sana. Safari hii sikuuza kitu. Nimekaa nimekitazama kile kikaratasi kama picha ya mjukuu.

Nimemwambia Felista aiombe radhi serikali. Akasema serikali haijaja kuchukua radhi yake.

Kesho Mpimbwe kuchukua mpunga.

Jumapili, 6 Juni

Nimerudi kutoka Usevya, huko Mpimbwe. Mpunga mwingi mwaka huu, watu wana furaha, wananipa maziwa. Pale kwenye kizuizi cha kukagua mbung'o wa malale, mlinzi amezunguka gari na wavu wake, akakamata mbung'o wawili, akanionyesha kama mvuvi. Akaona kibandiko. Akaniuliza nimepata wapi pesa. Nikamwambia habari ya Umoja, nikamweleza mpango wote wa serikali, nikamsifu Gervas kwa jina. Nimetangaza bure. Redio inalipwa, mimi sikulipwa.

Safari nzima nilikuwa naimba.

Jumapili, 13 Juni

Sijaiona Fiat ya Gervas kwa wiki kadhaa. Nilimuuliza baada ya misa. Anasema iko Tabora, injini inafunguliwa. Pole yake. Nilijitolea kumchukulia mizigo yake bila malipo, kama tunavyofanya siku zote mwenzetu akiharibikiwa. Akasema hana mizigo kwa sasa, kazi ya uenyekiti inamtosha.

Kweli inamtosha. Umoja sasa una ofisi, chumba kimoja karibu na stesheni. Meza, kiti, kalenda. Anakaa pale kutwa. Nilimtania kwamba mwenyekiti ni mwenye kiti na yeye kweli amekipata. Zamani angenijibu kwa tusi la utani. Leo alicheka kidogo, akatazama karatasi zake.

Ijumaa, 25 Juni

Siku mbaya.

Asubuhi alikuja Athumani, fundi wa rangi, na kopo na brashi. Nilidhani amekuja kuazima jeki. Akasema ametumwa na mwenyekiti kupaka milango yote ya magari. Jina liwe moja. UMOJA WA UCHUKUZI MPANDA.

Nilimwambia akigusa mlango wangu nitammeza na brashi yake. Athumani ni mtu mpole, akakaa chini kivulini, akasema atasubiri nikiongea na mwenyekiti.

Nilikwenda ofisini kwa miguu, sikutaka gari liende huko. Gervas akanieleza. Ni sharti la bima. Gari likipata ajali, kadi ikasoma Umoja na mlango ukasoma Kasonso, hawatalipa, watasema ni udanganyifu. Akanishika bega. "Domi, rangi tu hiyo. Rangi juu ya rangi." Ilikuwa na maana. Mambo yake siku hizi yote yana maana, na mimi naondoka kila mara nikiwa nimekubali kitu ambacho sikukikubali nyumbani.

Nimerudi. Nikamwambia Athumani apake. Nilikwenda nyuma ya nyumba nisione. Niliporudi, kulikuwa na mlango wa buluu na maneno marefu. Herufi nzuri, Athumani ana mkono mzuri.

Kule nyuma, alama ya baba ipo. Nikamuuliza kwa nini hakuipaka. Akasema, "Nimeagizwa milango, Mzee. Mbao sikuagizwa."

Felista alitoka, akausoma mlango taratibu, maana yeye husoma kwa kidole. Akarudi ndani. Heri angenigombeza.

Jumatatu, 28 Juni

Magunia ya tumbaku kutoka vijijini hadi stesheni, mara mbili. Watu walionijua tangu zamani wananiuliza siku hizi naendesha gari la nani. Wa kwanza nilimjibu. Wengine nimewapigia honi tu.

Jumatano, 7 Julai

Saba Saba. Malori yote ya Umoja yamepita kwa mstari, yamefungwa matawi na bendera. Bedford yangu ilibeba wanafunzi wa shule. Waliimba hadi bodi likatetemeka. Nilivaa kofia mpya.

Afisa wa mkoani alihutubia. Akasema Mpanda ni mfano. Akasema serikali iliahidi kupunguza mzigo wa bima na imepunguza, na nauli ya gunia imeshuka. Ni kweli, imeshuka. Watu walipiga makofi, na kina mama wa Kabungu walipiga vigelegele, na mimi niliona vizuri kwamba jambo lile limewasaidia. Sikatai.

Gervas alikaa jukwaani, mguu juu ya mguu. Fiat yake haikuwepo kwenye mstari. Bado injini, wanasema. Injini gani inafunguliwa mpaka Saba Saba?

Jumamosi, 10 Julai

Naandika kabla sijala.

Tuliitwa ofisini. Gervas akasoma azimio. Magari ya Umoja yataendeshwa na madereva walioajiriwa na kupimwa upya, kwa ajili ya bima na kupunguza ajali. Mwanachama hawezi kuajiriwa udereva. Mwanachama atapata gawio, mwisho wa mwaka, baada ya gharama. Funguo zikabidhiwe leo.

Nikasema langu naendesha mwenyewe.

Akasema, "Lipi lako, Mzee Kasonso?"

Mzee Kasonso. Hajawahi kuniita hivyo tangu tuzaliwe. Siku zote ni Domi, au ni tusi.

Nilitazama watu. Kila mtu anatazama viatu vyake. Nikaweka ufunguo mezani. Ulikuwa na kipande cha nta ya nyuki nilichokifunga mwenyewe, ili usipotee. Yule dereva mpya akauchukua. Ni mpwa wa Gervas, mtoto wa dada yake, nilimbeba mgongoni. Akasema shikamoo kwanza, kisha akauchukua.

Nilirudi Kawajense kwa miguu. Bedford ilinipita njiani. Dereva alipunguza mwendo, labda kunipa lifti. Nilijifanya nafunga kiatu.

Nimesalitiwa. Hakuna neno jingine, nimelitafuta.

Jumatatu, 12 Julai

Bomani. Afisa bado yuko, anaondoka kesho kwenda Sumbawanga. Alinipokea vizuri, akaniagizia chai. Nikamweleza yote, habari ya kadi, ya mwaka mmoja, ya mlango, ya ufunguo.

Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mzee wangu, mimi niliuliza mbele ya watu. Niliuliza mara mbili."

Ni kweli, aliuliza. Nikamwambia kwamba kwetu kitu kilichochongwa alama hakibadilishi mwenyewe kwa karatasi. Hakucheka. Akasema anaheshimu mila, lakini bima haikatwi kwa mila. Akasema kama mwenyekiti aliahidi kurudisha kadi, niilete hiyo ahadi kwa maandishi. Nitaileta kwa mkono upi? Iliahidiwa kwangu, juu ya sahani ya migebuka.

Nadhani si mtu mbaya. Alitaka bima ishuke na imeshuka. Serikali ilitaka kunipunguzia mzigo, imenipunguzia wote. Sasa sidaiwi bima kabisa.

Nimecheka peke yangu njiani. Mwanamke mmoja akavuka barabara kunikwepa.

Jumamosi, 17 Julai

Leo nimejua yote.

Nilikwenda stesheni kuangalia treni, kazi ya wasio na kazi. Kulikuwa na Fiat ya kijani inashusha saruji. Mlangoni jina la mtu wa Tabora. Sikulijua jina, lakini gari nililijua kwa ule mngurumo wake wa kukohoa kwanza kabla ya kukubali. Nikazunguka nyuma. Mbao zimepakwa kijani juu hadi chini, ila sehemu moja ndogo, kama kiganja. Hapo rangi imezunguka, haikupita. Duara lenye mkato katikati.

Nikamuuliza dereva gari ni la nani. Akasema la bwana mmoja wa Tabora, shemeji yake na mwenyekiti wenu. Limehamia kwake tangu Aprili.

Aprili. Kabla ya mkutano. "La kwanza liwe langu" aliisema akiwa hana gari la kutoa. Sisi sote tuliingia mlango ambao yeye alikuwa ameshautokea.

Nilikwenda ofisini. Sikubisha hodi. Nikasema tu kwamba nimeiona Fiat.

Akafunga dirisha. Kisha akasema, "Domi, kila mtu ana watoto." Nilimwambia hata mimi ninaye. Akasema alijua toka zamani magari yatakuwa ya Umoja moja kwa moja, aliambiwa mkoani, na kama asingekuwa yeye mwenyekiti angekuwa mwingine. Akasema angenitafutia kazi ya ulinzi wa magari. Ulinzi! Nilinde gari langu lisiibiwe.

Nilikuja na matusi mengi, niliyapanga njia nzima. Yote yakapotea. Nikamuuliza kitu kimoja.

"Ile alama mbona hukuifuta?"

Akatazama mikono yake. "Nilimwambia fundi asiiguse."

"Kwa nini?"

Akageukia dirisha alilolifunga. Basi anajua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko gari. Kama asingeijua sheria ya wazee wetu, ningesema ni mjinga. Anaijua, ameitunza alama yake na kulipaka rangi jina langu.

Jumapili, 25 Julai

Misa. Gervas ndiye aliyesoma somo. Ana sauti nzuri, amekuwa nayo tangu utoto. Nilisimama nikatoka katikati ya aya. Watu waligeuka. Wageuke.

Felista hajasema "nilikuambia". Siku zote hizi hajasema, na najua analo mdomoni, na analimeza pamoja na ugali. Leo nimemwomba radhi kwa yale maneno ya ulezi na ng'ombe. Akasema hata ng'ombe huwa hamfuati mtu aliyemchinja mwenzake. Kisha akaniuliza kama bado najua kupanda mti.

Nimetoa kamba ya baba darini. Panya wameionja lakini inafaa.

Jumatano, 4 Agosti

Porini, upande wa Inyonga. Kambi ile ile ya wazee. Mawe ya jiko yapo, meusi.

Mizinga ya baba niliyoweza kuifikia ni michache. Mingine imeoza, mizinga ya magome ikikaa mno inakuwa unga. Lakini iliyobaki imejaa. Hakuna aliyeigusa. Miaka yote niliyokuwa naendesha gari na kuwasahau nyuki, watu wamepita chini yake wakaona mikato mitatu na mmoja wa kukatisha, wakaenda zao. Watu nisiowajua.

Nimeumwa mara nyingi. Nimezeeka, nyuki wamejua.

Leo mchana, ng'ambo ya kijito, nimekuta mzinga chini. Kamba ilikatika. Umeanguka kwenye majani, haujapasuka, na nyuki bado wamo, wanalia ndani kwa hasira. Nikaugeuza kwa mguu. Duara lenye mkato katikati. Mzinga wa baba yake Gervas.

Nilikaa pale. Hakuna mtu porini. Ningeweza kuuvunja, asali ingetoka ya kujaza debe, na nyegere, mwizi wa asali, angesingiziwa. Ningeweza hata kuuacha tu, mchwa wangefanya kazi yangu. Sikosi hasira, ninayo ya kutosha. Niliifikiria Bedford na mlango wa buluu. Niliufikiria ule ufunguo wenye nta.

Wazee walisema ukikuta mzinga wa mwenzio umeanguka, unaurudisha. Hawakusema mwenzio awe mtu wa namna gani.

Nimetumia kipande kizuri cha kamba yangu. Ilichukua muda mrefu, mzinga ni mzito na mimi ni mmoja. Nimeupandisha kwenye mti ule ule wa myombo, tawi la chini ya lile la zamani, nikaufunga mara mbili. Nimeuweka alama ikitazama njia, ili anayepita aione ni ya nani.

Sijamsamehe. Naandika wazi ili nisije nikajidanganya baadaye.

Jioni nimekunywa uji na asali. Kesho nitaanza kuchuna magome ya mizinga mipya.